Yule wa Vumbi Aliyeomba Maji

Kwanza naomba mnivumilie mwandiko. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akisema herufi zangu zinaegemeana kama watu waliotoka safari. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi nzima, na kuna maneno hapa nimeyafuta mara tatu na bado sijui kama yamekaa sawa. Mkikuta nimekosea, someni tu kile mnachodhani nilitaka kusema. Kuongea pia siwezi sana mbele za watu, ndiyo maana nimeona afadhali niandike.

Nina kibanda hapa Same mjini, ninarusha picha za video kwenye flashi na simu za watu. Wateja huniuliza, dada, hii nzuri? Nami hujibu nzuri, au ya kawaida, basi. Ukweli ni kwamba nina maoni mengi kuhusu picha, hasa zile za kutisha, za upelelezi, na zile nyingine ambazo mtu huziomba kwa sauti ya chini huku akitazama barabarani. Nimekuwa nayo tangu nikiwa mdogo. Ila maoni yangu yote yana mahali yalipoanzia, na hapo mahali sijawahi kumsimulia mtu.

Wiki iliyopita walikuwa wanapiga dari katika nyumba ya jirani. Mchana akatoka kijana mmoja akiwa mweupe kuanzia nywele mpaka kandambili, kope nyeupe, midomo imepasuka. Alisimama mlangoni pangu, hakuingia, akasema, "Dada samahani, naomba maji ya kunywa." Ikanijia ile harufu. Kama hamuijui, ni kama chaki mpya iliyochanganyika na mawe yaliyoshinda juani. Kisha nikampa chupa nzima ya maji, akamaliza, nikampa nyingine, na nilipoinama kutafuta ya tatu akacheka akasema imetosha, dada, nitashindwa kupanda ngazi. Alipoondoka nilitokwa na machozi kidogo. Mteja aliyekuwa akisubiri flashi yake alidhani ni kwa sababu ya picha iliyokuwa ikicheza, akaniambia nisijisikie vibaya, mwishoni wanarudiana.

Kwetu ni juu milimani, upande wa Suji. Baba yangu alifanya kazi bondeni Makanya, kwenye machimbo ya jasi, yale mawe meupe yanayosagwa kutengeneza dari, akipanda nyumbani Jumamosi jioni na kushuka Jumatatu alfajiri. Mimi ndiye mtoto wake pekee wa kike, na kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mama. "Mama, hujambo?" "Mama, leta maji." Na kuleta maji ndiyo ilikuwa kazi yangu. Baba akifika, kabla hajaulizwa habari za safari, anapewa kikombe cha maji kwa mikono miwili pamoja na shikamoo. Kazi hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuninyang'anya.

Deki ilikuwa kwa shangazi Nambike, dada yake baba, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mume wake alikuwa akishusha tangawizi mjini, na siku moja akapanda na TV ya kichogo na deki vimefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Umeme haukuwepo. Vilitumia betri ya gari, ambayo ilishuka Makanya kwa pikipiki kwenda kuchajiwa na kurudi. Ikiwa imejaa, ilitosha picha moja na kipande kidogo cha nyingine. Ikiwa haikujaa, haikutosha hata hiyo moja. Basi kila Jumapili, baada ya ibada na baada ya makande, tulijazana sebuleni kwa shangazi. Viatu mlangoni, dirisha limezibwa kwa blanketi lilelile, watoto sakafuni mbele, kina mama nyuma na watoto wachanga mgongoni.

CD zilikuja ndani ya mfuko wa rambo, hazina makava. Majina tuliyatunga wenyewe. Kulikuwa na Ile ya Mkasi, Ile ya Mapacha, Ile ya Mwenye Nyumba. Nyingi zilikuwa zimetafsiriwa, na mtafsiri alikuwa mwanamume mmoja aliyesema maneno ya watu wote, mzee, mtoto, na mwanamke anayechinjwa, kwa sauti ileile kama ya mtu aliyeminywa pua. CD ikichafuka shangazi aliifuta kwa upindo wa kanga. Ikichubuka aliipaka dawa ya meno.

Kwa sababu ya betri, sisi hatukuwahi kumjua muuaji. Nasema kweli. Kwa miaka yote ile, picha za upelelezi zilituishia mpelelezi akiwa amewakusanya watu wote chumbani, ananyoosha kidole, halafu kioo kinasinyaa kuwa kitone na giza. Ikabidi muuaji tumchague wenyewe. Shangazi alishikilia kwamba muuaji ni yule anayemtengenezea mpelelezi chai kabla hajaombwa. Mama yangu alisema ni yule anayelia msibani huku akiangalia nani anamwangalia. Binti wa shangazi, Kunda, aliyenizidi miaka mitatu na kwa hiyo alijua kila kitu, alisema daima ni daktari, kwa kuwa ana sindano. Ubishi ule tulitembea nao wiki nzima, kisimani, shambani, njiani kwenda shule. Sasa kibandani kwangu naziona picha hizo mpaka mwisho, na maoni yangu ni kwamba miisho yake ni dhaifu. Ile tuliyotunga sisi ilikuwa na sababu.

Picha za kutisha zilipokelewa kwa hasira zaidi kuliko hofu. Watu wa milimani hawamwonei huruma mtu anayeanguka. Msichana akikimbizwa msituni, akageuka nyuma, akajikwaa mahali tambarare kama uwanja wa mpira, sebule nzima iliguna. "Huyu hajawahi kutumwa na mama yake," shangazi angesema. Kwetu mtoto wa miaka sita anashuka korongoni na kupanda na ndoo kichwani asimwage. Tuliona kabisa kwamba anayekufa kwa kuanguka tambarare amejitakia.

Zile za aibu nazo zilikuwepo, za wasichana walioonyeshwa nusu uchi bila sababu yoyote ya maana. Shangazi alizijua CD zake. Sekunde chache kabla ya mambo kuharibika alinyanyuka na kutupia kanga yake juu ya kioo. Picha ikapotea, sauti ikaendelea. Tulikaa tunasoma maandishi ya kanga, na maneno ya kanga ile nayakumbuka mpaka leo kuliko masomo ya kipaimara. Ila kulikuwa na aina moja ambayo hakuifunika: zile ambazo wanaume wanne wanamtendea mwanamke unyama, wanamwacha wakidhani amekufa, naye anaamka na kuwatafuta mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nikiona ni picha mbaya, na bado naona aliyeitengeneza alikuwa akitazama kisichomhusu. Lakini nakumbuka kina mama nyuma yetu walivyonyamaza. Hakuna aliyeinuka kwenda kupika. Shangazi alihesabu taratibu, "Bado mmoja." Siku hizi mama wa makamo akija kibandani kuomba picha kama hiyo, simuulizi kitu. Namrushia.

Picha yenyewe ninayotaka kuwaambia tuliiita Ile ya Mtu wa Vumbi. Mtu amezikwa, na baada ya siku chache anatoka kaburini. Hana meno marefu wala makucha. Ni mtu wa kawaida, ila ni mweupe kwa vumbi la kaburi, nywele, kope, nguo, kila kitu. Anatembea pole pole mpaka kwake. Anagonga mlango. Mtafsiri, kwa sauti yake ya puani, anasema, "Maji. Nipeni maji." Mke wake anachungulia, anafunga komeo. Anakaa nje kidogo, kisha anakwenda nyumba ya pili, maji, nipeni maji. Wanafunga. Nyumba ya tatu kuna mtoto peke yake. Mtoto anachota maji kwenye kikombe, anakwenda nacho mlangoni, anashika komeo, na hapo betri ikaisha.

Kelele zilizopigwa na watoto siku ile zilisikika mpaka kanisani. Kunda ndiye aliyetufafanulia njiani. Alisema wafu wana kiu kwa sababu ya udongo. Ukimpa maji tu, umemkaribisha. Akishakunywa hatoki tena, anakaa, na wa kwanza kufa ni yule aliyempa kikombe. Nilimuuliza amejuaje wakati hatukuona mwisho. Akaniambia mambo mengine hayahitaji kuonwa.

Sasa mwaka ule mvua za vuli zilikataa. Kwa kawaida baba, kabla ya kufika nyumbani, alipitia mfereji uliopita chini ya migomba yetu. Alioga pale, akabadili shati, akaja akiwa amependeza na nywele zina maji. Mimi nilijua kuwa baba anachimba jasi kama ninavyojua kuwa jua liko mbali. Sikuwahi kumuona na vumbi hata siku moja. Lakini ukame ulipozidi, maji ya ndiva, yaani bwawa la kijiji linalolisha mifereji, yakawa ya kufunguliwa kwa zamu, shamba hili leo na lile kesho. Mfereji wetu ukabaki majani makavu.

Na kulikuwa na jambo jingine. Katikati ya wiki nilimsikia mama akimwambia shangazi, wakiwa wanachambua maharage uani, kwamba baba amefukiwa. Ukuta wa shimo ulimwangukia, udongo ukamfika shingoni. Wenzake walimfukua kwa mikono.

"Na alipotoka?" shangazi aliuliza.

"Alikaa chini kidogo, akarudi kazini. Mtoto asisikie."

Mtoto alikuwa nyuma ya banda la mbuzi, na alikuwa amesikia. Mtu amefukiwa. Mtu ametoka.

Jumamosi hiyo mama alikuwa shambani. Jua lilikuwa bado lipo, mimi nachochea moto ndani. Nikasikia hatua, polepole, za mtu aliyechoka. Nikasikia mkono mlangoni. Nilipogeuka alikuwa amesimama pale na mwanga nyuma yake, nywele nyeupe, kope nyeupe, nguo nyeupe, midomo imepasuka, na sauti imekauka kabisa. Akasema, "Mama, niletee maji."

Nilifunga mlango. Nilisukuma komeo, nikasukuma na kinu nyuma ya mlango, nikaenda kukaa nyuma ya kitanda. Aligonga, si kwa nguvu. Aliniita mara ya pili na ya tatu. Akauliza, "Mama, ni mimi. Kuna nini?" Kisha hatua zikaondoka mlangoni. Nilichungulia kwenye ufa wa ubao. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono juu ya magoti, anatazama migomba, hanung'uniki. Hata yule wa kwenye picha alikaa vivyo hivyo nje ya kwake.

Mama alipofika kukawa na maneno. Alitaka kunichapa, baba akamwambia amwache mtoto. Akapewa maji na mama, akanywa vikombe vitatu, nami nikihesabu. Amekunywa, nikajisemea. Amekaa.

Kuanzia hapo nilimkimbia. Mkiwa na watoto wadogo, naomba mlijue hili: mtoto anayeogopa hasemi anaogopa. Mimi sikumwambia mtu hata neno moja, maana Kunda alisema ukitaja, zamu inakuwa yako. Ikifika Jumamosi nilikwenda kulala kwa shangazi. Nikikutwa nyumbani, sikutoa shikamoo, sikula sahani moja naye, na kikombe cha maji sikukigusa. Alijaribu. Siku moja aliniletea kipande cha jasi safi, kile kinachopitisha mwanga kama kioo, akakiweka mkononi mwangu. Kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alfajiri aliponyanyuka kwenda kazini alikikuta kimerudishwa, kiko ndani ya kiatu chake.

Jumapili moja nilikuwa nimelala, au walidhani nimelala, nikamsikia akizungumza na mama. Hakuwa na hasira. Alisema wanatafuta mtu wa kubaki machimboni mwisho wa wiki kuangalia vifaa, na yeye ameona akubali.

"Na nyumbani?" mama akauliza.

"Mtoto hanitaki. Napanda mlima wote ule, nafika kwangu nafungiwa mlango. Bora nikae huko nitume chakula."

Nami chini ya blanketi nilifurahi. Nayaandika haya na kalamu inataka kugoma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi.

Jumamosi ya kwanza hakuja, nikalala vizuri kuliko siku zote. Ya pili ulikuja unga na sabuni kwa mkono wa mtu wa pikipiki. Ya tatu nikaanza kuona vitu. Mpini wa jembe uliolegea ulibaki umelegea. Mama alipakua makande, akatenga sahani ya baba, akakumbuka hayupo, akarudisha chakula chunguni. Aliacha kuimba akiwa anatwanga. Usiku nilimsikia akiomba, na maombi yake yalikuwa mafupi, jina la baba tu mara nyingi.

Nilimwendea Kunda nikamuuliza, eti mtu wa vumbi anaweza kutuma unga?

Kunda alifikiri sana, mpaka akakuna kichwa. Akasema hilo halikuwemo kwenye picha.

Hilo jibu ndilo lililonisumbua. Kama kuna jambo moja ambalo halikuwemo kwenye picha, pengine yalikuwepo mengine. Lakini sikuwa na mtu wa kumuuliza, na baba alikuwa mbali kule chini, mahali ambapo kutoka kwetu, kukiwa na jua, unaona barabara kuu kama uzi na vumbi jeupe limesimama pembeni yake. Nilianza kwenda kulitazama lile vumbi jioni.

Jumapili ya nne tulijazana kwa shangazi kama kawaida. Betri ilikuwa imetoka kuchajiwa na pikipiki ilikuwa imeileta mbio, kwa hiyo watoto walidai Ile ya Mtu wa Vumbi, tuuone mwisho. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, ili nipate kukimbia. Picha ilikuwa imekwenda karibu nusu, mlango ukafunguka kidogo na mtu akaingia taratibu, akakaa chini juu ya viatu vyetu asije akawaziba waliokuwa wanatazama. Wengine hawakugeuka. Mimi sikuhitaji kugeuka. Harufu iliniambia.

Mama alikuwa ameenda kuhani msiba kitongoji cha pili, hivyo baba, aliyekuwa amepata mwenzake wa kumshikia zamu siku ile, alifika nyumbani akakuta kumefungwa, akaja kwa dada yake. Mfereji ulikuwa bado mkavu. Alikuwa mweupe vilevile, na mimi nilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, siwezi kutoka kwa sababu yeye ndiye aliyekaa mlangoni.

Kwenye kioo, yule mtu alifika kwake. Akagonga. "Maji. Nipeni maji." Mke akafunga komeo.

Ndipo baba akasema kutoka kule chini, kwa sauti yake ya vumbi, "Si mumpe tu maji, jamani. Mtu katoka mbali hivyo."

Watu walicheka. Wengine waligeuka wakamuona, wakacheka zaidi. Shangazi akasema, "Wewe kaka, huyo ni maiti."

"Najua ni maiti. Tazama miguu yake. Huyu ametembea." Yule mtu alikuwa anakwenda nyumba ya pili. Baba akakohoa, kisha akasema polepole zaidi, kama anayejisemea, "Amekuja kwake, wanamfungia."

Kicheko kikaisha chenyewe. Nilimtazama baba. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama picha, na vumbi chini ya jicho lake lilikuwa na mstari wa maji. Nami nikafikiri, kwa akili yangu ile ya miaka saba, kwamba katika picha zote tulizowahi kuona hapakuwa na maiti hata mmoja aliyemwonea mwenzake huruma. Maiti huwa na shughuli zao. Huyu alikuwa amekaa juu ya viatu asiwazibe watoto.

Niliinuka. Mtungi wa shangazi ulikuwa pembeni, mbele kabisa, karibu na TV, na ilinibidi nipite gizani katikati ya magoti na vidole vya watu. Nikachota kikombe cha bati kikajaa mpaka ukingoni. Nilirudi nacho. Sikuanguka, na sikumwaga. Wakati huo mtafsiri alikuwa anasema kitu cha nyumba ya tatu, ile ya mtoto, na Kunda alikuwa ananiita kwa kunong'ona nikae, nawaziba. Nilipiga goti, nikampa baba kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

Alikitazama kikombe kwanza. Kisha akasema, "Marahaba, mama."

Alikunywa bila kupumzika. Koo lilikuwa linapanda na kushuka, na maji mengine yalipita pembeni ya mdomo, yakachora njia mbili nyeusi kwenye kidevu. Sijawahi kutazama kitu kwa makini kiasi kile. Nyuma yangu watu walipiga kelele kubwa, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Nilipogeuka betri ilikuwa imeisha. Picha ilikuwa imefika mbali kuliko siku zote, na mimi nilikuwa nimeipa mgongo.

Njiani kurudi nilimshika kidole kimoja tu, kidogo, kwa kujaribu. Nikamuuliza kama kweli alifukiwa. Akasimama.

"Nani kakuambia?"

Nikamwambia, na nilipoanza, yote yakatoka. Kaburi, vumbi, maji, Kunda, jiwe ndani ya kiatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atacheka, hakucheka. Alisema, "Nilifukiwa, nikafukuliwa. Si ndiyo huyu mimi?" Kisha akachukua kiganja changu akakipangusa kwenye mkono wa shati lake. Kikawa cheupe. "Umeona? Na wewe tayari. Hili linatoka kwa maji."

Nyumbani kulikuwa na maji kidogo ya kupikia. Akasema kikombe kimoja kinatosha. Akakaa juu ya lile jiwe la nje, mimi nikachovya kitambaa nikamwosha. Paji la uso likatokea kwanza, halafu nyusi moja, halafu ya pili, halafu kovu lake la pembeni ya pua ambalo nilikuwa nimelisahau. Baba yangu alirudi kidogokidogo mbele ya macho yangu, na kikombe hakikuisha. Jumamosi iliyofuata alipanda, na zote zilizofuata.

Ametutoka mwaka huu, baada ya kuugua kifua muda mrefu. Miezi ya mwisho nilimnywesha kwa kijiko. Kila nilipoleta maji aliniuliza, kwa kile kisauti kilichokuwa kimebaki, "Mama, mlango umefunga?" Nami nilijibu, "Uko wazi, baba." Mama alidhani amechanganyikiwa na homa. Hatukumweleza, lilikuwa letu wawili.

Tangu nifungue kibanda nimeitafuta ile picha. Sina jina lake wala jina la mchezaji hata mmoja. Nimefungua flashi za watu wengi, nimeuliza wauza CD wa zamani hapa mjini, hakuna. CD ya shangazi ilipasuka kitambo. Nimemuuliza Kunda, ambaye sasa ana watoto wake. Kila nikimuuliza ananipa mwisho tofauti, na mara ya mwisho alikiri kwamba siku ile, walipomsikia baba akinywa, na yeye aligeuka kutazama.

Kwa hiyo nawaombeni ninyi wa umri wangu, mliokaa sakafuni mbele ya deki za majirani, popote mlipokuwa. Msiogope mwandiko wenu, mmeshauona wangu. Niandikieni picha iliyowatisha, na mtu wa nyumbani mliyemkosea kwa sababu yake. Na kama yupo aliyekuwa na betri iliyojaa, akamuona yule wa vumbi akifika nyumba ya tatu, mpaka mtoto anashika komeo, basi aniandikie hata mstari mmoja tu. Alimpa?